Kompyuta Ilale, Wi-Fi Ikeshe

Kompyuta mpakato inayopoteza Wi-Fi kila inapoanza kubana matumizi ya betri kwa kawaida haina ubovu. Inatekeleza amri iliyowekewa na waundaji wake: redio hula umeme, kwa hiyo ikikosa kazi ipumzishwe. Shida ni kwamba mashine haitambui kila mara kama kazi ipo. Mtu anayesikiliza kikao cha mtandaoni bila kugusa kibodi, au kompyuta ya ofisini inayosubiri kufikiwa kutoka nyumbani, machoni pa mfumo endeshi huweza kuonekana kuwa haifanyi lolote.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, sharti ijulikane nani hasa amelala. Huenda ni kadi ya Wi-Fi peke yake, ilhali kompyuta iko macho. Huenda kompyuta nzima imelala na kuikatia kadi umeme. Huenda pia kadi iko hewani, ila programu iliyokuwa ikitumia mtandao imesimamishwa, au ruta imekwisha kuifuta kompyuta hiyo kwenye orodha yake. Dalili ni ile ile, lakini dawa hazifanani, na saa nyingi hupotea kwa kutibu mahali pasipouma.

Kusinzia kwa kadi

Kadi kusinzia ni jambo lililokuwapo tangu Wi-Fi ilipoanza. Kiwango cha kwanza cha 802.11, kilichotoka mwaka 1997, kilikuwa tayari na utaratibu wa kubana umeme, na misingi yake inatumika hadi leo. Kadi ikitaka kupumzika huipelekea ruta pakiti fupi yenye alama inayosema kwamba inazima redio yake kwa muda. Kuanzia hapo ruta haiirushii data papo hapo, bali huiweka akiba. Ruta nayo hutoa tangazo fupi, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 102.4, yaani karibu mara kumi kwa sekunde, na ndani ya tangazo hilo imo orodha ya vifaa vilivyowekewa data. Kadi huamka tangazo linapokaribia, husoma orodha, na ikikuta namba yake huomba mzigo wake. Isipoikuta, hulala tena. Pakiti zinazoelekezwa kwa vifaa vyote kwa pamoja zina zamu yake: hutolewa baada ya matangazo maalumu, ambayo ruta huweza kuyapanga yawe kila tangazo, au moja kati ya kila mawili au matatu.

Ni utaratibu ulioundwa kwa akili nyingi. Redio ambayo ingelazimika kusikiliza saa nzima husikiliza kwa sehemu ndogo tu ya muda huo, na mtumiaji hahisi tofauti yoyote anaposoma barua pepe. Gharama yake ni kuchelewa. Pakiti inayofika mara tu baada ya tangazo kupita itasubiri tangazo lijalo, yaani hadi sehemu ya kumi ya sekunde, na kadi inayoruka matangazo kadhaa huongeza kusubiri huko. Kwa mazungumzo ya sauti, au kwa mtu anayeandika amri kwenye seva ya mbali, ucheleweshaji wa kiasi hicho huonekana wazi. Njia rahisi ya kuutambua ni kutumia amri ya ping kuelekea ruta yenyewe. Majibu yakiwa ya milisekunde mbili au tatu wakati kompyuta ina kazi, kisha yakapanda hadi themanini au mia kila inapotulia, kadi inasinzia. Majibu yasipokuja kabisa kwa sekunde kadhaa, tatizo ni jingine na linatakiwa kutafutwa kwingine.

Maboresho yaliyofuata yalilenga kupunguza kusubiri huko. Nyongeza ya 802.11e ya mwaka 2005 iliiwezesha kadi kuchukua data yake kila inapotuma pakiti yake yenyewe, jambo linalofaa sana kwa simu za sauti, ambazo hutuma na kupokea kwa mwendo usiobadilika. Kwa bahati mbaya si kila ruta inautekeleza utaratibu huo sawasawa, ndiyo maana viendeshi vya kadi za Intel vina mpangilio wa kuuzima. Wi-Fi 6, ambayo vifaa vyake vilianza kupewa vyeti mwaka 2019, ilikwenda mbali zaidi: kadi na ruta huweza kupatana mapema saa ya kuamka, na kadi haina haja ya kufuata kila tangazo.

Kwenye Windows, kiasi cha kusinzia hupangwa katika chaguo za kina za mpango wa umeme, chini ya kichwa Wireless Adapter Settings, endapo mtengenezaji wa kompyuta hajakificha. Kuna ngazi nne, kuanzia utendaji wa juu kabisa hadi ubanaji wa juu kabisa, na kila ngazi huwekwa mara mbili: kwa betri na kwa chaji. Kompyuta inayokwenda vizuri ikiwa kwenye chaji na kusumbua ikichomolewa inapaswa kuangaliwa hapo kwanza. Kwenye Linux, amri ya iw dev wlan0 set power_save off huzima kusinzia mara moja, ila jina wlan0 hubadilika kulingana na mashine, na athari ya amri hiyo haidumu kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Anayetaka idumu huandika wifi.powersave = 2 katika sehemu ya muunganisho ya faili la mpangilio wa NetworkManager. Hasara yake kwa betri ipo, lakini ni ndogo ikilinganishwa na umeme unaoliwa na skrini. Anayeongoza kikao cha saa mbili hana sababu ya kuogopa kuzima kusinzia na kupunguza mwanga wa skrini kidogo badala yake.

Ushauri unaorudiwa mno ni ule wa kufungua Device Manager na kuondoa alama inayoiruhusu kompyuta kuzima kadi ili kubana umeme. Alama hiyo ina kazi yake, lakini si ile ambayo wengi huidhania. Inahusu hasa namna kadi inavyoshughulikiwa kompyuta inapoingia usingizini na inapoamka. Kuiondoa husaidia pale ambapo kadi hugoma kurudi hewani baada ya usingizi, wala haigusi kusinzia kunakofuata matangazo ya ruta. Adapta za Wi-Fi zinazochomekwa kwenye tundu la USB zina mlango mwingine wa matatizo: mfumo endeshi huweza kulipumzisha tundu lenyewe, na mpangilio wa kuzuia hilo uko kwenye mpango ule ule wa umeme, chini ya USB.

Windows pia huweka kumbukumbu ya mambo haya. Amri ya netsh wlan show wlanreport, ikitolewa na mtumiaji mwenye haki za msimamizi, huandaa ripoti ya siku tatu zilizopita inayoonyesha saa ambayo muunganisho ulikatika na sababu iliyoandikwa na mfumo. Dakika kumi za kuisoma zina faida kuliko siku nzima ya kubahatisha.

Usingizi wa mashine nzima

Kadi ikiwa haina hatia, wa kuchunguzwa ni kompyuta. Hali za usingizi wa kompyuta zilipangwa na kiwango cha ACPI, kilichotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Hali ya S0 ni ya mashine iliyo macho. Katika S3 prosesa huzimwa na kinachoendelea kulishwa umeme ni hasa kumbukumbu ya kazi, ili mashine ikiamka ikute kila kitu kilipoachwa. Katika S4 yaliyomo kwenye kumbukumbu huandikwa kwenye diski na umeme hukatwa karibu wote. S5 ni kuzimwa.

Kompyuta iliyo S3 haina Wi-Fi kwa maana ya kawaida. Hata kadi ikiachiwa umeme kidogo, hakuna prosesa ya kushughulikia data, kwa hiyo hakuna faili linaloendelea kupakuliwa wala ujumbe unaoingia. Hakuna mpangilio wa kadi unaoweza kubadilisha hilo. Anayetaka kazi iendelee usiku kucha na mashine yake ni ya S3 hana budi kuizuia isilale.

Mwaka 2012 Windows 8 ilileta njia tofauti iliyoitwa Connected Standby, ambayo ilipanuliwa na Windows 10 mwaka 2015 kwa jina la Modern Standby. Hapa kompyuta haitoki S0 hata kidogo. Skrini huzimwa, prosesa huzama katika hali ya matumizi madogo sana ya umeme, na kadi ya Wi-Fi hubaki ikilinda mlango. Kadi hupewa mapema maelezo ya pakiti zinazostahili kuiamsha mashine, na zisizostahili huzimaliza yenyewe. Kifaa kingine kikiuliza nani ana anwani fulani ya mtandao, kadi hujibu bila kuiamsha prosesa. Ruta ikibadilisha ufunguo wa usalama unaotumiwa na vifaa vyote, jambo ambalo ruta nyingi hulifanya kila baada ya saa moja, kadi huupokea ufunguo mpya peke yake. Kadi au kiendeshi kisichoweza kufanya hivyo hutolewa mtandaoni ufunguo unapobadilika. Kwa sababu hiyo, muunganisho unaokufa usingizini kila baada ya saa moja kamili ni dalili ya kufuatilia.

Amri ya powercfg /a hueleza kompyuta ina usingizi wa aina gani. Ikitaja S3, ni mashine ya mtindo wa zamani. Ikitaja S0 Low Power Idle, ni ya mtindo mpya, na maneno yanayofuata hueleza kama mtandao unabaki au unakatwa. Amri ya powercfg /sleepstudy huonyesha kila kipindi cha usingizi na vifaa vilivyokula umeme ndani yake. Kompyuta mpakato nyingi za Windows zinazouzwa sasa hazina tena S3.

Hapo ndipo matarajio ya watumiaji wengi yanapovunjika. Kuona kwamba mashine hubaki na mtandao usingizini huwafanya waamini kwamba filamu inayopakuliwa na kivinjari itakuwa imekamilika asubuhi. Haitakuwa. Katika Modern Standby, Windows huzisimamisha programu za kawaida za mtumiaji; zinazoruhusiwa kuamka ni shughuli za mfumo wenyewe na programu zilizojisajili kwa kazi za chinichini, kama vile barua pepe na taarifa. Wi-Fi iko hewani kweli, ila aliyekuwa akiitumia amegandishwa. Hata mtandao wenyewe hauna hakika ya kubaki kompyuta ikiwa kwenye betri, kwani mfumo huweza kuukata ili kuokoa chaji, na chaji ikizidi kushuka mashine huhamia S4.

Apple ilianza na wazo jingine. Mwaka 2009 Mac OS X Snow Leopard iliruhusu kifaa kingine cha Apple kilicho macho, kama ruta ya AirPort, kujibu kwa niaba ya Mac iliyolala na kuiamsha ikihitajika. Mwaka 2012 ikaja Power Nap, ambayo huiamsha Mac kwa vipindi vifupi ichukue barua pepe na nakala za iCloud, kisha ilale. Huko nako programu ya kawaida haiendelei na kazi yake.

Kuzima skrini, kuacha mashine macho

Kwa kazi nyingi ambazo watu huzitakia Wi-Fi isiyokatika, jibu sahihi ni kuizima skrini na kuiacha mashine macho. Njia hii haihitaji kadi maalumu wala ruta mpya, na hufanya kazi kwenye kompyuta ya miaka kumi iliyopita sawa na ya leo. Katika mipangilio ya umeme, muda wa kuzima skrini na muda wa kulala ni vitu viwili tofauti. Skrini huwekewa dakika chache, nao usingizi huzuiwa kabisa kompyuta inapokuwa kwenye chaji. Kufunga kifuniko kuna mpangilio wake pia, na kwenye Windows huweza kuelekezwa kisilete mabadiliko yoyote.

Si lazima mabadiliko yawe ya kudumu. Microsoft hutoa bure mkusanyiko wa zana uitwao PowerToys, na ndani yake imo zana ya Awake inayoizuia mashine isilale kwa muda uliotajwa. Mac ina amri ya caffeinate tangu mwaka 2012: ikiandikwa mbele ya amri nyingine, mashine hubaki macho hadi amri hiyo imalize kazi. Linux ina systemd-inhibit kwa kazi ile ile. Zana za namna hii ni bora kuliko kubadilisha mpango mzima wa umeme, kwa sababu kazi ikiisha kompyuta hurudi kwenye tabia yake ya kawaida bila mtu kukumbuka kuirudisha.

Hesabu ya betri ni nyepesi. Betri ya wati-saa 50 ikitumika kwa wati 5 itadumu saa 10. Ikitumika kwa nusu wati itadumu saa 100. Kukesha bila skrini kunakaribia hesabu ya kwanza kuliko ya pili, kwa hiyo ni kazi ya kufanywa kompyuta ikiwa kwenye chaji. Joto nalo lisidharauliwe. Mashine iliyo macho huku kifuniko kimefungwa inahitaji hewa. Ikitiwa kwenye begi katika hali hiyo hupata moto kupita kiasi na betri huzeeka mapema. Mpangilio wa kifuniko kutofanya lolote unafaa kwa upande wa chaji tu. Upande wa betri uachwe kwenye kulala.

Kuiamsha kutoka mbali

Pale ambapo hakuna kazi ya kuendelea usiku, ila mtu anataka kuifikia mashine anapoihitaji, kuna pakiti ya kuamshia, ambayo teknolojia yake ilianzia miaka ya 1990 kwenye mitandao ya waya. Pakiti hiyo ina baiti 102: baiti sita za thamani ya juu kabisa, kisha anwani ya kudumu ya kadi ikirudiwa mara 16. Kadi iliyoachiwa umeme kidogo huitambua na kuiamsha mashine.

Kwenye Wi-Fi mambo ni magumu zaidi. Kadi iliyolala haina budi kubaki imeungana na ruta na kuzitunza funguo za usalama, kwa sababu ikitoka mtandaoni haitaisikia pakiti hata ikirushwa mara elfu. Kadi, kiendeshi na programu ya ubao mama vyote vinatakiwa kuunga mkono jambo hilo. Pakiti yenyewe kwa kawaida haivuki mtandao wa nyumbani au wa ofisi, hivyo aliye nje anahitaji kifaa kilicho macho ndani cha kuirusha kwa niaba yake. Kompyuta ambayo kazi yake ni kungoja kufikiwa ni afadhali iunganishwe kwa waya.

Upande wa pili wa muunganisho

Ruta pia ina uamuzi wake. Programu ya hostapd, inayotumika katika ruta nyingi zinazoendeshwa na Linux, hukiangalia kifaa kilichokaa kimya kwa sekunde 300, na kisipojibu hukitoa. Mbele zaidi kuna jedwali la ruta, au la kampuni ya simu, linalokumbuka mazungumzo gani ni ya kompyuta ipi. Miongozo ya intaneti inataka mazungumzo ya TCP yaliyo kimya yakumbukwe kwa muda usiopungua saa 2 na dakika 4, na ya UDP kwa dakika 2. Ruta nyingi za bei nafuu husahau mapema zaidi. Windows na Linux zenyewe, zisipoelekezwa vingine, husubiri saa 2 kabla ya kupima kama mazungumzo ya TCP yangali hai. Matokeo yake ni muunganisho wa seva unaoganda ingawa alama ya Wi-Fi imejaa. Dawa ni kuielekeza programu itume neno fupi mara kwa mara: SSH ina ServerAliveInterval, na kwa WireGuard muda unaopendekezwa ni sekunde 25.

Wanaotumia intaneti ya simu kupitia hotspoti, kama ilivyo kwa watu wengi Tanzania na Kenya, wana kifaa kingine kinacholala. Simu nyingi za Android huzima hotspoti kukiwa hakuna kifaa kilichoungana kwa dakika kadhaa, na iPhone huacha kujitangaza baada ya muda mfupi. Kompyuta ikilala kidogo tu, ikiamka haikuti mtandao, na lawama huangukia kadi isiyo na kosa. Simu nyingi za Android zina mpangilio wa kuzuia kujizima huko. Tena anayeacha mashine macho kwa bando anapaswa kuiambia Windows kwamba mtandao huo una kikomo, la sivyo masasisho hulimaliza bando usiku. Umeme ukikatika, kompyuta huendelea kwa betri lakini ruta huzimika papo hapo. Betri ndogo ya akiba inayolingana na volti za ruta, ambazo mara nyingi ni 12, huiweka hewani.

Kwa baadhi ya kazi, kukatika si hasara. Programu ya mosh, iliyotolewa mwaka 2012, huendelea na kikao cha seva baada ya kompyuta kulala na hata ikibadilisha mtandao, na tmux huacha kazi ikiendelea kwenye seva yenyewe bila kujali mteja amelala au la. Programu za kupakulia zinazoweza kuomba kipande cha faili huendelea pale zilipoishia. Kikwazo kiko kwenye seva: isipokubali ombi la kipande, upakuaji huanza upya, na kwa faili la namna hiyo mashine haina budi kubaki macho hadi limalizike.